Kutoka Nyuma ya Mwimbaji Hadi Mbele ya Maikrofoni: Hotuba kwa Wapiga Gitaa Vijana

Ndugu zangu wapiga gitaa, walimu wao mliowasindikiza, na nyote mnaojipatia riziki kwa nyuzi sita au mnaotamani kuipata kwa njia hiyo, nawasalimu kwa heshima na nawashukuru walionialika kuzungumza nanyi.

Nimeombwa nizungumzie safari ya mpiga gitaa anayeanza kwa kukodiwa, akizunguka na bendi za watu na kurekodi nyimbo za watu, hadi siku anaposimama mbele na kuwa msanii kwa jina lake mwenyewe. Vijana wanaonijia baada ya maonyesho huniuliza karibu wote swali moja: nitajuaje kwamba vidole vyangu viko tayari? Naomba niseme mapema kwamba vidole si tatizo. Mtu aliyeaminiwa kupiga gitaa nyuma ya mwimbaji mkubwa, usiku baada ya usiku, amekwisha kuushinda mtihani wa vidole. Kinachomgoja upande wa pili ni maamuzi. Miaka yote aliyokodiwa alikuwapo mtu wa kumwamulia wimbo, ufunguo wa sauti, mwendo, mahali pa kuingia na mahali pa kunyamaza. Siku anapoondoka, maamuzi yote hayo yanamwangukia yeye, pamoja na mengine ambayo hakuwahi hata kujua kwamba yalikuwa yakifanywa kwa niaba yake. Leo nataka tuyatazame maamuzi hayo kupitia watu waliopita njia hiyo kabla yetu.

Tuanze na kazi yenyewe ya kusindikiza, kwa kuwa wengi huidharau kabla ya kuielewa. Mpiga gitaa wa kurekodi huitwa studio bila kuambiwa atapiga nini. Anafika, anafungua sanduku la gitaa, anawekewa karatasi yenye mpangilio wa wimbo, au hawekewi chochote, na kikao kinaanza. Katika studio za Marekani za miaka ya 1960, kikao cha kawaida kilichotambuliwa na chama cha wanamuziki kilikuwa cha saa 3, na katika saa hizo mtayarishaji alitarajia kuondoka na zaidi ya wimbo mmoja uliokamilika. Mpigaji wa ziarani ana mtihani wa namna nyingine: anapiga wimbo uleule kila usiku, katika ukumbi wenye mwangwi tofauti, akiwa amelala ndani ya basi, mbele ya watu ambao kwao usiku huo ni wa kwanza na pengine wa mwisho. Mwimbaji akiamka na mafua, mkuu wa bendi hutangaza wakati wa kupima mitambo kwamba nyimbo zote zinashushwa ufunguo, na mpigaji ana muda wa kunywa chai tu kabla ya kuvihamisha vidole vyake mahali pengine.

Je, kazi hiyo inafundisha nini? Inafundisha kusikiliza kwa mwili mzima. Nimesimama pembeni mwa waimbaji kwa miaka mingi, na ninachokikumbuka zaidi ni mabega yao. Mwimbaji anapotaka kurefusha mstari, bega hupanda kabla sauti haijatoka. Mpiga gitaa anayeliona bega hilo hulichelewesha pigo lake kidogo sana, na ukumbi mzima huamini kwamba wawili hao walikubaliana tangu mazoezini. Hakuna kitabu kinachofundisha jambo hilo, na asiyewahi kumsindikiza mtu hawezi kulijua. Kwa hiyo nawasihi, msiihesabu miaka ya kusindikiza kuwa miaka ya kupanga foleni.

Mfano wangu wa kwanza ni Glen Campbell, aliyezaliwa mwaka 1936 katika jimbo la Arkansas na kuhamia Los Angeles mwaka 1960. Hakuwa msomaji wa nota, lakini sikio lake lilikuwa jepesi kiasi kwamba akaingia katika kundi dogo la wapigaji wa studio ambalo baadaye lilikuja kujulikana kwa jina la Wrecking Crew. Gitaa lake limo katika rekodi za mwimbaji Frank Sinatra na za bendi ya Beach Boys, miongoni mwa nyingine nyingi mno. Brian Wilson alipoacha kusafiri na Beach Boys mwishoni mwa mwaka 1964, Campbell ndiye aliyepanda jukwaani mahali pake, akapiga besi na kuimba zile sauti za juu ambazo mashabiki walizizoea kutoka kwa mtu mwingine. Alisimama mahali pa mtu, akavaa sauti ya mtu, na onyesho likaendelea.

Ndugu zangu, tazameni tarehe. Campbell alikuwa na mkataba wa kurekodi kwa jina lake tangu mwaka 1962, lakini nyimbo zilizombadilishia maisha hazikuja hadi mwaka 1967. Miaka mitano yenye mkataba, na bado alikuwa akiamka asubuhi kwenda kupigia wengine! Mapema mwaka 1968 alitwaa tuzo 4 za Grammy kwa mkupuo, na wengi walimwona kama mtu aliyetokea ghafla. Ukweli ni kwamba masikio ya Wamarekani yalikuwa yamemzoea kwa miaka mingi bila kulijua jina lake.

Lakini kwangu mimi darasa kubwa liko katika jambo moja dogo. Mwaka 1968 alipokuwa akirekodi “Wichita Lineman”, wimbo uliotungwa na Jimmy Webb, palihitajika kipande cha gitaa katikati. Campbell alikuwa mmoja wa wapigaji wepesi kabisa katika mji ule, na safari hii jina kwenye jalada lilikuwa lake. Alichukua gitaa la besi la nyuzi sita aina ya Danelectro, lililokuwa mali ya mwenzake Carol Kaye, akapiga melodi ileile ya wimbo, taratibu, kwa sauti nzito ya chini, karibu neno kwa neno kama ilivyoimbwa. Kisha akaacha. Mtu aliyekuwa na uwezo wa kuonyesha kila kitu alichagua kuutumikia wimbo. Je, angekuwa na ujasiri huo kama hangetumia miaka kuzitumikia nyimbo za wengine? Sidhani. Nimesikiliza albamu nyingi za kwanza za wapiga gitaa walioacha kusindikiza, na kasoro ninayokutana nayo mara kwa mara ni ya mtu aliyejizuia muda mrefu, kisha akamwaga kila alichokizuia ndani ya dakika 40. Msikilizaji hachoki kwa sababu mpigaji hajui. Anachoka kwa sababu hakuna aliyechagua.

Sasa tuje kwenye jina. Wale wa Wrecking Crew walipiga katika rekodi zilizouzwa kwa mamilioni, lakini majalada ya enzi hizo kwa kawaida hayakuwataja. Mnunuzi aliyaona majina na sura za vijana wa bendi, akaamini kwamba kila alichokisikia kilitoka mikononi mwao. Katika rekodi ya kwanza maarufu ya bendi ya The Byrds ya mwaka 1965, kati ya wanabendi, ni Roger McGuinn peke yake aliyepiga chombo, na vyombo vingine vilipigwa na watu wa kukodiwa. Hakuna aliyevunja sheria. Walilipwa kikao chao wakaenda kwenye kikao kingine. Lakini mtu wa namna hiyo, siku anapotaka kusimama mwenyewe, anaanza kujitambulisha upya kwa umma uliomsikiliza kwa miaka kumi.

Linganisheni na desturi ya muziki wa Kongo, ambao wengi wetu hapa tumekua nao. Humo wimbo unapofika kwenye sebene, yaani ile sehemu ya kasi inayoongozwa na gitaa, mwimbaji anampisha mpiga gitaa na mara nyingi humwita kwa jina ndani ya rekodi yenyewe. Msikilizaji anayecheza kwenye harusi analijua jina la mpiga gitaa la solo kabla ya kuiona sura yake. Diblo Dibala ni mfano mzuri. Alizaliwa Kisangani, akapita akiwa kijana mdogo katika bendi ya TPOK Jazz ya Franco, akahamia Ulaya, na mwaka 1981 gitaa lake likasikika katika albamu ya Kanda Bongo Man iitwayo Iyole, iliyorekodiwa Paris. Muziki ule ulifupisha sehemu za taratibu na kukimbilia sebene, na hivyo mtu aliyekuwa msindikizaji akajikuta ndiye anayesubiriwa. Akiwa na Aurlus Mabélé alikuwa nguzo ya kundi la Loketo, na baadaye akaunda kundi lake la Matchatcha. Diblo hakulazimika kugeuka mwimbaji ili awe kiongozi. Alikuwa na jina tayari, na jina hilo lilijengwa ndani ya kazi aliyokodiwa kuifanya.

Ninalotaka mlichukue hapo ni la vitendo. Kila mnaporekodi, ombeni kuandikwa. Si jambo la kujikweza. Siku hizi majukwaa ya kusikilizia muziki yana nafasi ya kuingiza majina ya wapigaji, na mara nyingi nafasi hiyo hubaki wazi kwa sababu tu hakuna aliyeuliza. Andika pia daftari lako mwenyewe: tarehe, studio, wimbo, msanii, ulichopiga, ulicholipwa. Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mali ya mpiga gitaa wa kukodiwa ni hizo kumbukumbu.

Hapa ndipo ninapofika kwenye jambo ambalo naomba mnivumilie nikikaa nalo kidogo, kwa sababu limewaumiza wengi ninaowapenda. Nani anamiliki ulichokipiga?

Mpigaji wa kukodiwa anauza muda wake. Msanii anayesimama kwa jina lake anaweza kumiliki kazi, na kazi hiyo ina tabaka mbili ambazo kijana akizichanganya atalia baadaye: kuna utunzi, yaani maneno na sauti za wimbo, na kuna rekodi, yaani ule utendaji mmoja ulionaswa studio. Mtunzi ana haki zake, mwenye rekodi ana zake, na mtendaji naye ana zake. Mkataba wa Roma wa mwaka 1961 uliwatambua watendaji kimataifa, na tangu hapo nchi nyingi zimetunga sheria za namna hiyo. Lakini kutambuliwa ni kitu kimoja, na mgawo ni kitu kingine. Chukueni Marekani kama mfano, kwa kuwa huko mgawo umeandikwa waziwazi katika sheria. Mirabaha, yaani malipo ya kutumiwa kwa kazi, inayotokana na redio za intaneti na za setilaiti hugawanywa hivi: asilimia 50 kwa mwenye rekodi, asilimia 45 kwa msanii mkuu, na asilimia 5 kwa wasindikizaji wote, ambapo asilimia 2.5 ni ya wapiga vyombo na asilimia 2.5 ni ya waimbaji wa kuitikia. Sikilizeni vizuri: asilimia 2.5, igawanywe kwa wapigaji wote waliokuwapo. Mpigaji huyohuyo, kwa vidole vilevile, akirekodi kwa jina lake anaingia kwenye ile 45, na akiimiliki rekodi yake anaichukua na ile 50. Na ikiwa wimbo ameutunga mwenyewe, haki za utunzi ni fungu jingine kabisa lililo nje ya hesabu hiyo. Sitaji tarakimu hizi ili kuwatamanisha fedha, kwa kuwa fedha zenyewe huwa ndogo kwa muda mrefu. Nazitaja ili muone kwamba hatua kutoka nyuma kwenda mbele ni hatua ya kisheria kama ilivyo ya kisanaa, na anayeipiga bila kusoma karatasi anaipiga akiwa amefumba macho.

Nani asiyemjua Jimi Hendrix? Lakini wengi wanamjua wa London na wa tamasha la Woodstock, si yule wa kabla ya hapo. Baada ya kutoka jeshini mwaka 1962, Hendrix aliishi miaka kadhaa kama mpiga gitaa wa kukodiwa, akisafiri na bendi zilizowatumbuiza watazamaji Weusi katika kumbi za Marekani. Mwaka 1964 alipiga na Isley Brothers, kisha akawa katika bendi ya Little Richard, ambamo kulikuwa na taratibu za mavazi na nidhamu, na nyota alikuwa mmoja tu. Mwezi Oktoba mwaka 1965, akiwa hana kitu, alitia saini New York karatasi ya mtayarishaji mmoja iliyomfunga kwa miaka 3. Alipewa dola 1 na ahadi ya mirabaha ya asilimia 1.

Dola moja, ndugu zangu.

Pengine aliiona karatasi ile kama moja ya zile nyingi ambazo mpigaji wa kukodiwa husaini akiwa na haraka ya kupanda basi. Mwaka uliofuata Chas Chandler, aliyekuwa mpiga besi wa The Animals, alimsikia katika klabu ya Greenwich Village akiwa na kikundi chake kidogo, na mwezi Septemba mwaka 1966 wakasafiri pamoja hadi London. Mwaka 1967 jina lake likavuma, na karatasi ya dola moja nayo ikaibuka pamoja nalo. Kesi ilianza, na sehemu ya suluhu ilikuwa kwamba albamu moja itolewe kwa ajili ya kumaliza dai hilo. Ndiyo maana ile albamu ya Band of Gypsys, iliyorekodiwa katika maonyesho ya mwaka mpya wa 1970, ilitoka Marekani kupitia kampuni ya Capitol, ambayo haikuwa kampuni yake ya kawaida. Hendrix alifariki mwezi Septemba mwaka huohuo akiwa na miaka 27. Katika muda mfupi kiasi hicho alipewa kutoa albamu chache tu, na moja kati ya hizo ilikwenda kulipa saini aliyoitia alipokuwa msindikizaji.

Kwa hiyo ninapowaambia someni karatasi, simaanishi karatasi mtakazoletewa mkishakuwa wakubwa. Namaanisha zile za sasa. Namaanisha ile unayopewa nyuma ya jukwaa ikiwa imewekwa juu ya spika, huku kalamu imekwisha kufunguliwa.

Hendrix huyohuyo ana somo jingine, nalo linahusu sauti. Hakuipenda sauti yake ya kuimba. Aliona kwamba hajui kuimba, na kusikia namna Bob Dylan alivyoimba kulimpa moyo kwamba mtu anaweza kusimama na sauti isiyo laini akasikilizwa. Hata hivyo, studio aliona haya. Waliofanya naye kazi wanasimulia kwamba alitaka awekewe vizuizi, asitazamwe anapoimba. Mtu aliyeweza kupiga gitaa kwa meno mbele ya umati alijificha ili aimbe mstari mmoja! Nasimulia hilo kwa sababu humu ndani wamo wengi wanaoahirisha kazi yao wakisubiri wajipende sauti. Aidha uimbe na sauti uliyonayo, aidha umtafute mwimbaji na umwongoze, aidha utunge muziki usiohitaji maneno. Zote tatu ni njia halali, na mifano ipo. Lakini uchague, kwa sababu bendi haiwezi kufanya mazoezi na mtu ambaye hajachagua.

Baada ya sauti ya koo kuna sauti ya chombo. Huyo ninayemleta sasa ndiye ninayempenda kuliko wote niliowataja, na naomba mniwie radhi kwa upendeleo huo. Lionel Loueke alizaliwa Benin mwaka 1973 na akaanza gitaa akiwa na miaka 17, umri ambao baadhi yenu hapa mnadhani mmekwisha kuchelewa. Nyuzi za gitaa hazikupatikana kirahisi. Ameeleza kwamba alizilowesha nyuzi zake katika siki ili zisafike na zidumu, alizifunga mafundo zilipokatika, na mwishowe akatumia nyaya za breki za baiskeli. Mnaojua gitaa mnajua maana yake: waya wa breki una mvuto unaoweza kuipinda shingo ya gitaa, na vidole huumia kila unapoubonyeza. Alikwenda kusoma Abidjan, kisha Paris, kisha Boston katika chuo cha Berklee, na mwaka 2001 akafanya usaili katika taasisi iliyokuwa na jina la Thelonious Monk wakati huo, ambako miongoni mwa waliomsikiliza walikuwamo magwiji wa jazz Herbie Hancock, Wayne Shorter na Terence Blanchard. Blanchard alimchukua katika bendi yake, na baadaye Hancock naye akamchukua, akazunguka naye dunia kwa miaka mingi.

Sasa, mtu aliyesimama nyuma ya Herbie Hancock, katika bendi iliyosheheni wapigaji wa daraja la juu, angepataje kusikika tofauti? Loueke anapiga kwa vidole bila kipande cha plastiki, anachanganya gitaa na milio ya ulimi na sauti ya koo, na wakati mwingine hupitisha karatasi kati ya nyuzi ili mlio ukatike mapema na kukaribiana na ule wa vyombo vya Afrika Magharibi. Karatasi ya kawaida! Hakuhitaji kifaa cha gharama. Alihitaji kujua ni mlio gani anaousikia kichwani, na kuukubali hata kama hakuna mwingine katika chumba anayeutafuta. Albamu yake ya Karibu ilitoka mwaka 2008 chini ya kampuni ya rekodi ya Blue Note, na aliowategemea humo ni Massimo Biolcati na Ferenc Nemeth, wenzake wa tangu Berklee. Hancock na Shorter walikuja kama wageni. Mnaona mpangilio ulivyopinduka? Mkuu wa bendi amekuwa mgeni katika albamu ya msindikizaji wake, na msindikizaji hakuitumia nafasi hiyo kujificha nyuma ya mgeni. Kisha mwaka 2020 akatoa albamu ya HH, yenye tungo za Hancock zilizopigwa kwa gitaa peke yake. Alichojifunza kwa kusindikiza tungo zile kwa miaka mingi alikipitisha katika mikono yake miwili tu, na ukizisikiliza utamsikia Loueke kabla hujamsikia Hancock.

Huo mlio wako hutaupata wiki unayoingia studio kurekodi albamu. Unautafuta ziarani, katika chumba cha hoteli, ukiwa umechoka, simu ikinasa vipande vya sekunde 20 ambavyo hakuna aliyekulipa uvipige. Asilimia kubwa utavitupa, na ni sawa.

Kuhusu fedha za kuendesha shughuli yako sitasema mengi, ila jambo moja. Ulipokuwa wa kukodiwa, mvua iliponyesha na watu wasije, wewe ulilipwa. Sasa wewe ndiye utakayewalipa mpiga besi na mpiga ngoma usiku huohuo ambao mlango haukuingiza kitu. Walipe. Usiwaombe wasubiri kwa sababu ni marafiki. Ulijua maana ya kusubiri ulipokuwa upande wao, na mji wa wanamuziki ni mdogo kuliko unavyodhani.

Je, ukishasimama mbele, ni aibu kurudi nyuma? Naulizwa swali hili kwa sauti ya chini, kana kwamba ni la fedheha. Jennifer Batten alikuwa mwalimu wa gitaa alipoitwa kwenye usaili wa ziara ya Bad ya Michael Jackson mwaka 1987, akawashinda wapigaji wapatao 100. Alizunguka katika ziara hiyo, akatoa albamu yake ya kwanza mwaka 1992, akarudi kwa Jackson kwa ziara za Dangerous na HIStory, kisha akapiga katika bendi ya Jeff Beck, katika albamu za mwaka 1999 na 2001, na akaendelea na kazi zake mwenyewe. Nani kati yenu atathubutu kusema kwamba mwanamke huyo alirudi nyuma? Loueke naye hakuacha kupiga na Hancock alipoanza kutoa albamu zake. Kazi ya kukodiwa hulipa kodi ya nyumba wakati albamu inapikwa, na hulifanya sikio liendelee kuwa jepesi. Mimi nimeona waliokata daraja kwa fahari, wakatangaza kwamba hawampigii tena mtu yeyote, na ndani ya miaka michache muziki wao ukawa unazungumza na wao wenyewe tu.

Kwa hiyo mkifikia siku ya kuondoka katika bendi ya mtu, ondokeni vizuri. Mwambieni mkuu wa bendi ana kwa ana, mapema, kabla hajayasikia kwa mpiga ngoma. Maliziani ziara mliyoikubali. Msitumie mpangilio wa nyimbo zake katika maonyesho yenu bila ruhusa, hata kama vipande vya gitaa mlivitunga ninyi, mpaka mmejua kilichoandikwa kwenye makubaliano yenu. Mwandikieni anayewarithi kila kitu: wimbo gani unaanza kwa gitaa peke yake, wapi mwimbaji huvuta mstari, usiku gani funguo hushushwa, kifaa gani hukorofisha kwenye kumbi zenye unyevu. Kaeni naye mazoezi mawili kama mkuu wa bendi ataruhusu, na mjibuni akipiga simu kutoka ziarani. Wakuu wa bendi hukumbuka namna mtu alivyoondoka kwa muda mrefu kuliko wanavyokumbuka alivyopiga, na wengi wa wale watakaofungua maonyesho yenu ya kwanza, au kuwaruhusu mfungue yao, watakuwa ndio hao mliowaaga.

Nimeishia hapo. Wakili aliyekubali kukaa nasi leo ana safari, hivyo naomba wenye maswali ya mikataba waanze, na kama kuna aliyekuja na karatasi aliyopewa aisaini, ailete mbele tuisome pamoja.